Baruti na fataki: wakati Leta ilipofunga chakula cha bunduki

Katika nyumba nyingi za wazee wetu, Katanga na Maniema, kulikuwa bunduki moja ya zamani. Ilitundikwa juu ya moto ama ilifichwa ndani ya nyasi za paa. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa, tukafikiri ni juu ya hatari yake. Kumbe mara nyingi hatari haikuwamo tena. Bunduki ilikuwa nzima, mbao yake imepigwa misumari midogo ya shaba, mtutu wake umepakwa mafuta, lakini haikuwa na kitu cha kula. Baruti ilikuwa kwa ruhusa, fataki ilikuwa kwa ruhusa, na ruhusa ilikuwa mezani kwa mzungu wa teritware.

Namna mambo yalifika pale, njo tunataka kueleza katika kurasa hizi. Katika mashule walitufundisha vita vya Waarabu na kifo cha Msiri, walitufundisha kauchu pia, lakini hawakutufundisha kwamba ndani ya mambo hayo yote kulikuwa shauri moja la chini: bunduki zimekwisha kuingia mikononi mwa watu, hazirudi tena pwani, basi mwenye kutawala atafanya nini?

Kwanza tuelewane juu ya majina, sababu vijana wa leo wanasema "pupu" kwa kila bunduki ya kienyeji. Wazee walitofautisha. Gumegume ni ile ambayo nyundo yake inashika jiwe. Jiwe linakwaruza chuma, cheche inaangukia baruti kidogo iliyowekwa pembeni, moto unaingia ndani. Mvua ikinyesha, gumegume inalala. Bunduki ya fataki ilikuja nyuma yake: badala ya jiwe kuna kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, kinavikwa juu ya chuchu ya chuma, nyundo inakipiga. Wabelgiji waliiita ya pistoni. Zote mbili zinashindiliwa kwa mdomo, kwa mdeki, baruti kwanza, risasi nyuma. Ya tatu ni bunduki ya kisasa, inayomeza kartushi kwa nyuma, na ndani ya mtutu wake kuna mifereji ya kuzungusha risasi ili iende mbali na moja kwa moja. Msomaji ashike tofauti hizi, juu sheria yote ilijengwa hapo.

Ashike na jambo lingine, ambalo kila mwindaji analijua bila kufundishwa. Bunduki inadumu kuliko mwenyewe. Baba anamwachia mtoto, mtoto anamwachia mpwa. Lakini baruti inakwisha siku ile inapolia, na fataki vilevile, moja kwa mlio mmoja. Kwa hiyo mwenye njia ya baruti ni mkubwa wa mwenye bunduki.

Njia zenyewe zilikuwa mbili. Moja ilitoka mashariki, Zanzibar na Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji mpaka Nyangwe na Kasongo. Nyingine ilitoka magharibi, Benguela, kwa mikono ya Waovimbundu wa Bihé, mpaka kwa Balunda, kwa Baluba na kwa Msiri. Pembe za tembo na shaba zilikwenda, na watu pia walikwenda wakiwa wamefungwa. Nguo, bunduki na baruti zilirudi. Hatutaki kuipamba biashara ile. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe wakati watu wa Wangwana walipoanza kupiga bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza vyakula, na mamia walikufa kwa risasi na kwa maji ya Lualaba. Wale wanaosema leo kwamba kukataza baruti kulikuwa uonevu mtupu wa wazungu, wakumbuke soko lile.

Lakini wazungu wenyewe walikuwa wanaitumia baruti kama feza ya siasa. Mwezi wa Februari 1887, kule Zanzibar, Stanley aliandikiana mapatano na Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip. Tippu Tip akubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, tena atafute wapagazi 600 wa kubeba mizigo ya kumwokoa Emin Pasha. Wapagazi watakuja na bunduki zao. Baruti na fataki zitatoka kwa Stanley. Stanley akafika Yambuya mwezi wa Juni, wapagazi hawakuja. Tippu Tip alisema baruti ya mapatano haikufika, basi watu wake hawatoki. Stanley alisema ni kisingizio. Nani alikuwa na haki, wasomi wanabishana mpaka leo, na Tippu Tip mwenyewe aliacha maneno yake katika Maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili. Sisi tunaona jambo moja: safari kubwa kama ile, yenye silaha za kisasa, ilikwama mwaka mzima pamoja na mambo mengine juu ya unga mweusi, na watu wengi walioachwa Yambuya walikufa kwa njaa na magonjwa.

Mwaka uliofuata mlango wa mashariki ulianza kufungwa. Kuanzia Desemba 1888 mpaka Oktoba 1889 manowari za Wajerumani na za Waingereza zilizunguka pwani ya Afrika Mashariki kuzuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Nyuma ya hapo mataifa yakakutana Bruxelles, kuanzia Novemba 1889, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia sahihi mapatano makubwa dhidi ya biashara ya watumwa. Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili, ile wazee waliita Bula Matari ama Leta, ilikuwa ndani yake. Zanzibar pia. Mapatano yalianza kutumika mwaka 1892.

Sehemu inayotuhusu inaanza kwenye kifungu cha 8. Toka mstari wa 20 kaskazini mpaka mstari wa 22 kusini, bahari mpaka bahari, ilikatazwa kuingiza bunduki, zaidi sana zile za kisasa, pamoja na baruti, risasi na kartushi. Kila silaha inayofika iwekwe katika depo ya serikali. Mtu akitaka bunduki ya kisasa ya kujilinda, iandikwe katika kitabu, ipigwe chapa, naye apewe karatasi yenye jina lake na alama ya bunduki yake. Karatasi hiyo ni ya miaka mitano, na anaweza kunyang'anywa akiitumia vibaya. Kwa biashara ya kawaida, depo itatoa gumegume tu zisizo na mifereji, na baruti ya biashara, ile ya hali ya chini. Hata hiyo isiuzwe katika nchi zenye biashara ya watumwa. Mwenye kuuza atoe hesabu kila miezi sita: ameuza ngapi, zimekwenda wapi, zimebaki ngapi.

Ukiisoma sheria hii polepole unaona akili yake. Haikusema "leteni bunduki zote." Nani angezileta? Ilisema: wacheni bunduki zizeeke, sisi tutasimama kwenye mlango wa baruti. Tena iliruhusu jiwe, ikakataa fataki, maana yake iliruhusu bunduki inayoshindwa na mvua.

Na utekelezaji? Hapa hadithi inakuwa tamu, na chungu.

Kule Bunkeya, Msiri alikuwa ametawala toka miaka ya 1850 kwa nguvu ya biashara na bunduki. Baba yake alikuwa Msumbwa kutoka upande wa Unyamwezi, aliyefuata shaba. Lakini katika miaka yake ya mwisho Basanga waliasi, njia za msafara hazikuwa salama, na baruti ilianza kukosekana katika mji wake. Wazungu walipofuatana kwake, Arnot mwaka 1886, Sharpe mwaka 1890, Le Marinel na Delcommune mwaka 1891, shauri la baruti halikuwa mbali na mazungumzo. Mfalme mwenye bunduki nyingi zisizo na unga aliwaona wageni hawa kama njia ya kupata unga, nao walimwona kama mtu anayekaribia kuanguka. Tarehe 14 Desemba 1891 msafara wa Stairs ulifika, umetoka Zanzibar na askari na wapagazi zaidi ya 300. Siku sita nyuma, tarehe 20 Desemba, kapiteni Bodson alimpiga Msiri risasi akafa, naye Bodson akauawa pale pale. Mwana wa Msiri, Mukanda Bantu, aliingia chini ya bendera ya Leta, na Bayeke wakarudi kupiga bunduki, mara hii pembeni ya askari wa Leta juu ya Basanga.

Sasa tusafiri mpaka Kasongo, mwaka na miezi minne tu nyuma ya hapo. Ni sheria ile ile. Tarehe 4 Machi 1893 jeshi la Dhanis liliingia Nyangwe, na tarehe 22 Aprili likaiteka Kasongo, mji wa Sefu mwana wa Tippu Tip. Daktari Mwingereza Hinde, aliyekuwa katika jeshi lile, aliandika kitabu mwaka 1897, na anahesabu vitu walivyovikuta mjini: pembe tani 25, baruti tani 10 ama 11, fataki milioni kadhaa, na kartushi za kila aina ya bunduki. Tani kumi za baruti! Hiyo ni miaka karibu mitatu nyuma ya sahihi za Bruxelles, katika mji ambao, kwa maneno ya mapatano, haukustahili kupata hata kopo moja. Bunkeya, ambako njia zilikatwa na vita vya wenyeji wenyewe, baruti ilipungua. Kasongo, ambako njia ya wafanyabiashara ilikuwa ingali hai, depo zilijaa. Kwa maoni yetu, katika miaka ile Basanga waliikatalia Bunkeya baruti vizuri kuliko mataifa yote ya Ulaya yalivyoikatalia Kasongo.

Tena Kasongo haikuanguka kwa kukosa baruti. Ilianguka juu ya bunduki za kartushi za jeshi la Leta, na juu wakubwa kama Gongo Lutete walikuwa wamehama upande mwaka 1892. Ngongo huyo alitumikia Leta mwaka mmoja, na Septemba 1893 maofisa wa Leta walimhukumu na kumpiga risasi Ngandu.

Nyuma ya vita vile, mwenye kukataza alibaki peke yake na bunduki za kisasa. Hapo ndipo tunapaswa kusema wazi. Mapatano yalikuwa yameacha mlango kwa majeshi ya serikali, na Leta ikapita katika mlango ule na jeshi zima. Makampuni ya kauchu nayo yaliwapa makapita na walinzi wao bunduki za pistoni, zile zile mwanakijiji alizokatazwa. Mtu mweusi wa kijiji hakufaa kushika fataki. Mtu mweusi wa kampuni, aliyetumwa kumlazimisha wa kijiji kukata kauchu, alifaa.

Na kartushi zilihesabiwa. Katika sheria hesabu ile ilikuwa ya kuzuia silaha zisitawanyike. Katika msitu ikawa kitu kingine. Askari alitakiwa aonyeshe kwamba kila kartushi imeua mtu, haikupotea kwa uwindaji, na ushahidi wake ulikuwa mkono wa kuume wa maiti. Alipopiga nyama kwa kartushi, ama alipokosa shabaha, alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu itimie. Wamisionari waliandika mambo haya, konsuli Casement aliyaandika katika ripoti iliyotolewa mwaka 1904, na tume ya uchunguzi ya Leopold mwenyewe, ripoti yake ya mwaka 1905, haikuweza kuwatetea walinzi wenye silaha. Tunajua kwamba wasomaji wetu wamesikia habari ya mikono. Hatudhani wengi wamepata kuiona kama habari ya hesabu ya risasi.

Katika Katanga mlango wa magharibi ulikawia kufungwa. Misafara ya Bihé iliendelea kuvuka Kasai na Lualaba katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, ikitafuta kauchu na watu, ikileta baruti na kartushi. Askari walioasi Luluabourg mwaka 1895 walikuwa na bunduki za Leta, lakini bunduki ya Leta bila kartushi ni fimbo ya kukorogea bukari. Kwa hiyo nao walifanya biashara na watu wa Bihé. Masalio yao waliungana na Kasongo Nyembo, mkubwa wa Baluba, ambaye Wabelgiji walisumbuka naye mpaka walipomkamata mwaka 1917 na kumpeleka Buta, mbali na nchi yake. Biashara ya Angola ilidhoofika zaidi wakati bei ya kauchu ilipoanguka katika soko la dunia. Soko lilifanya kazi ambayo doria ya mpakani haikuiweza.

Katika wakati wa Kongo ya Ubelgiji, kuanzia 1908, mwenyeji aliweza kuomba karatasi ya bunduki ya kushindilia mdomoni. Ya kisasa ilikuwa ya mzungu, na ya wachache sana kati yetu. Aliyepata karatasi alijulikana: jina lake, kijiji chake, namba ya bunduki. Yule aliyekwenda mwenyewe kuandikisha bunduki ya babu yake alijiweka katika kitabu, na siku ya fujo kijijini polisi walianza kwake. Aliyeficha ya kwake ndani ya nyasi za paa alilala usingizi. Kasoro hii inaambatana na kila katazo la kitu ambacho watu wanacho tayari: linamshika kwanza mwenye kutii.

Kwa upande wa mila, ukosefu wa baruti ulibadilisha mengi. Kwa Bakongo wa magharibi, mazishi ya mkubwa yalisindikizwa na milio mingi, na kipimo cha heshima kilikuwa kiasi cha baruti iliyochomwa. Baruti ikihesabiwa, hata msiba unahesabiwa. Huku kwetu kusini, kati ya Balunda-Ndembu kwenye mpaka wa Zambia, kulikuwa uwindaji wa namna mbili: wa upinde na mitego, na wa bunduki, unaoitwa wuyang'a, wenye mizimu yake, nyimbo zake na ngazi zake za kufundishwa. Mtaalamu Victor Turner aliukuta ungali hai katika miaka ya 1950, upande wa Rhodesia ya wakati ule. Alisikia kwamba ulitoka magharibi pamoja na bunduki za Waovimbundu. Yaani bunduki ambayo Bruxelles iliihesabu kuwa mzigo wa hatari wa kuzuiwa depo, katika vijiji vile ilikuwa imeshakuwa kitu cha mababu. Mwindaji mwenye baruti ya milio michache kwa msimu hapigi ovyo. Anafunga, anaomba, anasogea karibu na nyama mpaka anasikia pumzi yake.

Na mafundi? Wachokwe walisifiwa toka karne ya 19 kwa kutengeneza bunduki zilizovunjika: kuchonga mbao mpya, kufua nyundo, kurudisha chuchu ya fataki. Kazi hii ilienea kwa wahunzi wa makabila mengi. Leta ilipoziba bunduki za kuingia kwa meli, bunduki ilihamia kwenye kiriba cha mhunzi, na mabomba ya chuma ya miji ya migodi yakageuka mitutu. Njo kuzaliwa kwa pupu yetu. Katika fujo za kaskazini ya Katanga, 1960 na 1961, vijana wa Balubakat walipigana kwa mishale, minyororo ya baiskeli na pupu. Mtaalamu wa Bruxelles wa mwaka 1890 angeshangaa: miaka 70 ya depo, chapa na karatasi, na mwisho wake bunduki ya kushindilia inatengenezwa kijijini bila mzungu.

Nchi huru ilirithi kitabu kile kile. Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi inadai ruhusa ya kutengeneza, kuuza na kuwa na silaha, na pupu haikusamehewa. Vita vya 1996 mpaka 2003 vilipopita, kalashi zilikuwa nyingi kuliko karatasi. Hapo kanisa lilijaribu njia nyingine: katika miaka ya 2000, kaskazini ya Katanga, shirika la PAREC lilimpa baiskeli mtu aliyeleta bunduki. Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, sababu katika historia yote tuliyoieleza hapa hatukuona mara nyingi mwenye kutawala akimpa mwananchi kitu badala ya kile anachokitaka kutoka kwake. Na baiskeli kule inabeba mihogo na samaki, inabeba mgonjwa pia.

Wakati tulipoandika kurasa hizi tulikwenda kumwona fundi mmoja mzee ili atutajie kwa usahihi majina ya sehemu za gumegume. Alitaja zote, mdeki, mtambo, kisahani cha baruti, akatuonyesha pembe ya ng'ombe ambamo baba yake aliweka unga. Tulipotoa kalamu, aliuliza kama tumetumwa na teritware. Jina lake hatuliandiki hapa.